Gari Hununuliwa Masika

Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu, lakini akili ya kununua vitu aliirithi kwa baba yake, mfugaji wa Ushetu. Mbuzi, kitanda, redio, vyote alivinunua kama watu wanunuavyo ng'ombe: kwa mashaka, kwa maswali, na kwa kurudi nyumbani mara tatu mikono mitupu. Kwa hiyo nilipomwambia tununue gari, nilijua ninajitafutia presha.

Sikulitaka gari kwa ajili ya kujishaua pale Kahama. Nililitaka kwa sababu ya mama yangu. Alikuwa kijijini kwetu upande wa Geita, macho yamefifia na miguu imemgomea, na kila barua aliyomwandikisha mdogo wangu ilikuwa na ombi lile lile: nimletee wajukuu wote watano kwa mara moja. Hakutaka kuletewa kwa mafungu. Nilishampelekea wawili, kisha mmoja, kwa basi hadi Geita mjini na baadaye kwa lori la wachimbaji, tukikalia magunia. Kitindamimba hakuwahi kumwona kabisa. Watoto watano juu ya lori lile, mmoja bado ananyonya, sikuthubutu.

Katikati ya miaka ya tisini familia moja ya Kihindi yenye duka la vitambaa ikatangaza kuuza gari lao, jeupe, refu, lenye safu tatu za viti. Nilihesabu viti kabla ya kutazama magurudumu. Tungeenea wote saba. Siku hiyo hiyo nikamwandikia mama kuhusu gari. Nikisonga ugali nilikuwa nikiwapanga watoto kichwani, nani akae dirishani, nani katikati.

Mume wangu akaenda alfajiri, kama mtu aendaye kushuhudia ng'ombe akikamuliwa. Akaweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha injini haikupashwa moto kwa siri kabla hajafika. Likawashwa, likawaka mara moja. Hilo nalo likamtia wasiwasi. Akalala chini na nyundo, akagonga chesisi nzima hadi akakuta mahali palipochomelewa. Fundi tuliyemwamini akasema palichomelewa vizuri, tena zamani. Haikutosha. Akamhoji dereva wao, akamhoji mziba pancha, akamhoji muuza petroli. Alibakiza kuwahoji mawifi wa gari.

Nisimwonee. Gari lile lingekula ng'ombe wetu wote waliokuwa Ushetu kwa kaka yake, na ng'ombe wale ndio walikuwa shule ya watoto. Mwalimu mwenzake alinunua pikapu kwa pupa, ikafa mvua za kwanza, kuku wakawa wanatagia ndani yake.

Kilichomkera zaidi ni sababu ya kuuza. Mzee wa duka alisema tu kwamba wanahamia Mwanza kwa binti zao, basi. Mume wangu akarudi, akaketi kwenye benchi la nje, hakuvua hata viatu.

"Ng'ombe wa maziwa hauzwi bila sababu, mama watoto," akasema. "Na ng'ombe hununuliwa kiangazi, mbavu zikiwa nje. Gari hununuliwa masika, kwenye tope. Tungoje mvua tulione."

"Mama hana masika mengi," nikamwambia.

"Na likitufia porini, na hawa wote watano wamo ndani?"

Hofu yake ilikuwa ya kweli. Nikanyamaza. Mpaka leo najilaumu kwa kunyamaza kule kuliko ninavyomlaumu yeye kwa kungoja.

Mfanyabiashara mmoja wa dhahabu alilinunua kesho yake kabla ya saa nne asubuhi, bila kufungua boneti. Nayo familia ile ikahama kweli, tena Mwanza, kama mzee alivyosema.

Mvua zilipochanganya, barabara ikakatika, na mama akafariki. Habari zilinifikia kwa kuchelewa. Nilifika siku ya nne, peke yangu, tope hadi magotini, nikakuta matanga yanakaribia kuanuliwa. Mdogo wangu akaniambia kwamba mama alikuwa akiuliza kila siku kama gari limepatikana. Nilitamani barua ile nisingekuwa nimeiandika.

Masika yale yale mume wangu alinunua gari jingine, chakavu kuliko lile la kwanza, baada ya kuliingiza kwenye tope la Kagongwa na kulitazama likitoka lenyewe. Hakuniuliza. Kiangazi kilipofika aliwaogesha watoto mwenyewe, akawapakia wote watano, tukaenda kwetu. Gari halikuzima hata mara moja. Nilikaa mbele nikitamani lizime, angalau aonekane alikuwa na haki ya kuogopa.

Tulipelekwa kaburini na mdogo wangu. Watoto wanne wakubwa walielewa, wakainamisha vichwa. Kitindamimba, aliyekuwa ameanza kusema, alichojua ni kwamba ameletwa kwa bibi.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Akasimama akingoja, kama tulivyomfundisha kungoja mbele ya wakubwa. Akarudia. Mume wangu akapiga magoti kando yake, akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu."