Kubadili Betri Umeme Ukiwaka

Taa nyekundu iliwaka Jumatatu, ndogo kama punje ya mtama, nyuma ya kioo cha kabati linaloongoza mashine ya kufunga marobota ya pamba. Mihayo, fundi umeme wa kinu kile kilichoko nje kidogo ya Magu, ndiye aliyeiona kwanza. Alimwita mwenye kinu akamweleza. Ndani ya kabati mna betri. Umeme ukikatika, betri hiyo ndiyo inayotunza programu, yaani maagizo yote yanayoiambia mashine lini ishindilie, lini ifunge, lini iachie. Sasa betri inakufa. Ikifa, kisha umeme ukatike hata nusu dakika, mashine itasahau kazi yake.

Mwenye kinu, Leonsia Muganyizi, alitoka Kagera na kuanza kununua pamba mara tu watu binafsi waliporuhusiwa. Mashine aliinunua mpya, ng'ambo, akailipia yote. Lakini programu ilifungwa kwa neno la siri ambalo hakupewa, nakala hakupewa, na mlango wa kabati ulipitishiwa waya wenye sili ya risasi, muhuri unaoonyesha kama mlango umewahi kufunguliwa. Nimeona makabati ya namna hiyo Kampala, Beira na Marseille. Popote yalipo, mwenye mashine husimama upande wa nje.

Alipiga simu Nairobi kwa wakala wa watengenezaji. Jibu lilikuja kwa faksi: fundi wao angefika baada ya siku kumi na mbili. Mtu mwingine akikata sili, waranti imekwisha, na programu ikipotea hawaahidi lini watairudisha.

Ilikuwa Julai 1996, katikati ya msimu. Malori yalipanga foleni hadi barabarani, wakulima wakilala juu ya magunia yao. Alhamisi asubuhi likaja tangazo kwamba umeme ungekatwa saa nane mchana. Jenereta ilikuwepo, ila kuhamia kwake kulichukua karibu dakika nzima, na betri ile isingetunza programu muda huo.

Mihayo alikuwa ameshanunua betri kwa fundi wa kamera mjini Mwanza. Ilikaa mfukoni mwake tangu Jumanne. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa kinu cha ushirika, ambako michoro ilibandikwa ndani ya kila mlango, na msimamizi wake, mzee Kashindye, aliwapiga vibao vya mkono wote waliofungua kabati kabla ya kushusha swichi kubwa. Mwenzao mmoja aliungua hadi begani. Tangu siku ile Mihayo hakufungua kabati lenye umeme.

Saa saba Leonsia alikuja na koleo. Kila asubuhi alimwamkia Mihayo shikamoo, ingawa yeye ndiye aliyemlipa.

"Ukifungua, mzee, utaweza?"

"Betri nitaweza, mama. Yaliyomo kwenye programu siyajui. Hawakutuonyesha."

Leonsia akakata waya mwenyewe. "Wakiuliza, nimekata mimi. Mashine ni yangu."

Mihayo akafungua mlango, na mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe hadi kwenye swichi kubwa. Ulishaishika.

"Mzee," alisema Rose, mwendesha mashine, "ukishusha hiyo tumekwisha."

Aliutazama mkono ule kama wa mtu mwingine, akauondoa polepole. Akasimama juu ya ubao mkavu, mkono wa kushoto mfukoni, kama wafanyavyo mafundi wa zamani ili umeme usipate njia ya kupita kifuani.

"Sasa hivi atasali," Rose akanong'ona.

Betri ya zamani ilitoka. Mpya ikagoma, plagi yake ilikuwa nyembamba, haikukubali vidole vya mkono mmoja. Taa za darini zikafifia, zikarudi. Zingefifia kidogo zaidi, msimu ungeishia pale. Mihayo akauchomoa mkono wa kushoto mfukoni, akaingiza mikono yote miwili kati ya nyaya, akabonyeza.

Taa nyekundu ikazimika.

Umeme ulikatwa robo saa kabla ya wakati uliotangazwa. Jenereta ilipowaka, dakika moja baadaye, Rose alibonyeza kitufe, na mashine ikashindilia robota la kwanza.

Fundi wa Nairobi alifika, akatazama sili, akaandika kwamba waranti imekwisha. Leonsia akamwomba nakala ya programu. Haiwezekani, akajibiwa, programu ni mali ya kampuni.

"Na mashine?"

"Mashine ni yako, mama."

Alipoondoka, hakuna aliyeufunga mlango wa kabati. Mihayo aliketi juu ya robota mbele ya kabati na daftari la shule, akamwomba Rose aendeshe mashine polepole, hatua moja moja, ili aandike taa ipi inafuata ipi, wapate nakala yao wenyewe. Baada ya wiki tatu alikuwa na hatua arobaini na moja, na nne kati ya hizo hakuzielewa. Alimwomba Rose aanze upya.