Difu Niliyoichomelea

Huku Rumonge, Burundi, gari la kubeba mawese likizoea kukwama kwenye tope la milimani, fundi hufungua difu na kuichomelea. Difu ndiyo inayoruhusu gurudumu la nje lizunguke zaidi ya la ndani wakati wa kukata kona. Ukiichomelea, magurudumu ya nyuma yanazunguka sawa, na tope halina ujanja tena. Nimechomelea nyingi, na sioni haya kusema kazi ninaijua.

Rafiki yangu wa pekee hapa mjini aliponiletea gari lake la mashindano, nililitendea kama la mawese: nikaichomelea difu. Yeye hakukimbia nchi wakati wa vita. Mimi nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Alinipa pia masharti ya magari ya mashindano, kurasa nyingi za Kifaransa.

"Usome vizuri, ndugu. Wakaguzi iko wakali."

Kifaransa changu kinaishia kwenye salamu. Sisi tuliorudi tunachekwa vya kutosha, nikaona aibu. Baada ya wiki nikamwambia nimesoma zote.

Gari tulilijaribu kwenye barabara ya Magara. Kwenye tope lilipanda kama mbuzi. Kwenye lami, kwenye kona kali, pua iligoma kugeuka, gari likanyoosha kuelekea ziwani mpaka akakanyaga breki.

"Iko inakataa kukata kona," alisema.

Nikamwambia atazoea.

Asubuhi ya mashindano mkaguzi aliinua nyuma kwa jeki, akazungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likafuata upande uleule. Difu nzima ingelizungusha kinyume. Akatuonyesha mstari kwenye masharti yaleyale: difu ya kuchomelea ni marufuku. Magari mengine yakaondoka, letu likabaki juu ya jeki.

Tulianza safari ya kurudi Rumonge. Tulipofika Kabezi akauliza, "Wewe ulisoma, si ndiyo?"

Mficha uchi hazai, mama alikuwa akituambia. Ningesema kweli angenicheka, pengine tungecheka wote wawili.

"Nilisoma," nikajibu.

"Basi ulijua. Ukaniacha mimi nionekane mwizi mbele ya watu."

Tangu siku hiyo hapiti garajini, na chakula cha mchana ninakula peke yangu. Upweke huu sikuujua hata kambini. Niliona afadhali anione mlaghai kuliko mjinga, na mpaka leo ndivyo anavyoniona.