Chumvi ya Baba Mkwe

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja gambuti ya baba mkwe wangu ilipokataa kutoka mguuni. Alikuwa ametoka kupeleka majani ya chai kituo cha kupimia, akaketi kwenye benchi nje ya nyumba yake, akavuta. Mume wangu Kiprono naye akavuta. Haikutoka, mguu ulikuwa umevimba humo ndani. Mwishowe Kiprono alichukua kisu akaipasua kuanzia juu hadi kisiginoni, gambuti mpya kabisa, na mzee hakusema neno. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu mzee yule alilalamikia hata mvua ikichelewa.

Acha hizo sufuria kwanza, Chebet, uketi. Huu ni mwezi wa nne tangu mwanangu akuoe, na bado sijakueleza kosa nililolifanya nikiwa bibi harusi kama wewe. Leo nina sababu ya kukueleza.

Nilikuja hapa Boito nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo chakula cha mzee kilikuwa mikononi mwangu. Jina lake silitaji mpaka leo, unajua heshima yetu kwa baba mkwe. Siku hizo hata kumtazama usoni niliona haya. Naweka sahani mezani, nasema karibu chakula, naondoka.

Miezi michache kabla ya siku ile ya gambuti, mzee alikuwa amepimwa presha, ikapatikana iko juu sana. Nesi alimpa dawa za kumeza kila siku, akamwambia apunguze mafuta, aache ugoro, na chumvi aisahau. Kiprono alinieleza yote nami nikatii. Nilipika mboga ya saga kwa maziwa bila chumvi hata chembe. Mzee alionja, akasukuma sahani.

"Hii mboga ni ya mtu ama ya ng'ombe?" aliuliza, akiangalia ukuta.

Siku ya pili aliisukuma tena. Siku ya tatu alikula ugali mtupu. Mwanangu, ile sahani iliyorudi jikoni na mboga yake yote iliniuma. Nilikuwa mgeni katika boma, nikawasikia wanawake wa kanisani wakiambiana kwamba mzee amekonda tangu nije. Tena nilimhurumia, hilo nalo ni kweli. Basi siku ya nne niliyeyusha chumvi kwenye maziwa, nikayamimina kwenye mboga. Sahani ilirudi tupu.

"Sasa huyu msichana amejua kupika," nilimsikia akimwambia Kiprono.

Nilifurahi siku nzima. Nilichuma chai nikiimba, mpaka jirani akaniuliza kama nimepokea wageni kutoka kwetu.

Nikaendelea hivyo hivyo. Mzee naye, kumbe, dawa alikuwa anameza siku kichwa kikimuuma tu. Alijiona mzima kwa sababu bado alibeba kikapu cha majani hadi kituoni, na huku kwetu mtu akipanda kile kilima na kikapu mgongoni, nani atamwambia ni mgonjwa? Lakini mimi nilitembea nyuma yake na nikaona. Kwanza alipumzika mara moja njiani. Baadaye ikawa mara tatu. Halafu akaanza kusinzia ameketi kitini, akisema akilala chali anakosa pumzi. Niliyaona yote hayo nikadhani ni uzee.

Siku ile ya gambuti tulimpeleka hospitali. Daktari alisema moyo umechoka. Presha imeufanyisha kazi kupita kiasi kwa muda mrefu, sasa hausukumi damu vizuri, na maji yamejaa miguuni na kifuani. Kisha akauliza, "Nyumbani ni nani anapika?"

"Ni bibi yangu," Kiprono akajibu haraka. "Lakini chumvi tulitoa, daktari."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilijua nikinyamaza watatafuta kosa mahali pengine, na mzee atakufa mikononi mwangu.

"Mimi niliirudisha," nikasema. "Nilikuwa naificha kwa maziwa."

Kiprono aliniangalia kama mtu asiyenijua. Nilianza kulia. Ndipo mzee akageuza kichwa pale kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe, akanitazama machoni.

"Wacha kulia," alisema. "Hiyo chumvi nilisikia siku ya kwanza. Nimekula chumvi miaka hii yote, utanificha aje? Nilinyamaza juu ilikuwa tamu. Kwa hivyo makosa ni nusu yako, nusu yangu. Lakini usinihurumie hivyo tena. Hiyo huruma yako itanizika."

Nililia zaidi, lakini sasa kifua kilikuwa chepesi.

Alirudi nyumbani baada ya wiki mbili. Nilijifunza kupika upya, kwa ndimu, dhania, vitunguu na nyanya nyingi. Alinung'unika kama mwezi mmoja hivi, kisha ulimi ukazoea, mpaka akienda kwa watu anarudi akisema wamemwaga gunia zima la chumvi kwenye sufuria. Ugoro aliutupa. Dawa aliziweka kando ya redio, habari za asubuhi zikianza anameza. Kikapu hakubeba tena, lakini kila siku alitembea polepole hadi kituoni, mikono mitupu, kwenda kubishana na karani wa mizani. Aliishi akamwona mume wako akizaliwa, akamfundisha kukamua, akamwona akimaliza shule.

Sasa presha ni yangu, na jikoni ni kwako. Jumatatu nilibakisha nusu ya mboga, nikauona uso wako ulivyoanguka. Jana mboga ilikuwa tamu sana. Nilijua kwa tonge la kwanza, Chebet. Nikanyamaza kama mzee, nikamaliza hata mchuzi. Kwa hiyo sikugombezi. Nusu yako, nusu yangu.

Sikiliza basi, mwanangu, na umwambie mume wako pia, maana hii presha inatembea katika ukoo wake. Haiumi, haisemi, mtu anachuma chai nayo miaka na miaka. Mpimwe hata mkijisikia wazima. Mtu akipewa dawa, aimeze kila siku, asingoje kichwa kimuume. Chumvi na mafuta viwe kidogo, sigara na ugoro visiingie humu ndani. Na ukiona mtu amevimba miguu, anakosa pumzi, au kifua kinambana na jasho linamtoka, usiseme ni uzee kama nilivyosema mimi. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, ilishe boma hili miaka mingi. Akupe watoto wenye mioyo yenye nguvu, na mimi anipe siku za kuwabeba. Haya, pakua. Na nikibakisha chakula, niache nibakishe.