Televisheni Yenye Sauti Tu

Televisheni ya baba kule Kalama ilibaki na sauti tu. Kioo kilikuwa cheusi, lakini jioni aliketi mbele yake na kuchomeka flashi ya video ya ntheo yangu, siku wakwe walipotuletea mbuzi nyumbani. Mpiga video alituletea flashi hiyo mama akiwa ameshazikwa. Picha za mama za karatasi tulikuwa nazo. Mwendo wake haukuwa popote pengine. Katika giza lile vigelegele vyake vilisikika wazi, halafu kicheko.

"Huyo hapo," baba alisema. "Sasa wewe mwiitu wakwa, binti yangu, niletee sura."

Kioo cha simu ni kidogo kwa macho yake, nami sikuwa na moyo wa kuitazama video hiyo peke yangu. Nikaamua kutengeneza televisheni.

Kazi yenyewe haitishi ukienda polepole. Kwanza nilimulika kioo kwa tochi, kwa pembeni. Vivuli vya watu vikaonekana vikitembea. Maana yake picha ipo, ila taa za ndani zinazoiangaza zimekufa. Nilichomoa waya ukutani, nikasubiri sana, kwa sababu umeme hubaki ndani hata baada ya kuchomoa. Kisha tukailaza kifudifudi juu ya godoro, nikaanza na skrubu.

"Utalipua nyumba ya mzee," kaka yangu alisema kutoka mlangoni. "Fundi wa YouTube!"

"Ingia ushike tochi au utoke," baba akamjibu.

Alitoka.

Sehemu ngumu ni kuinua kioo. Ni chembamba na hupasuka kikipindwa kidogo tu, kwa hiyo watu wawili hukiinua pamoja. Baba alishika upande mmoja. Mikono yake hutetemeka hata na kikombe, lakini siku hiyo ilitulia. Nilibandua mistari ya taa iliyoungua, nikabandika mipya niliyonunua mjini Machakos baada ya kulinganisha urefu na idadi ya taa, nikarudisha karatasi nyeupe zinazosambaza mwanga kwa mpangilio uleule.

Ikawaka. Baba alipiga makofi.

Tuliona hema. Tuliona viatu vya wakwe, na mshereheshaji akijifuta jasho. Kisha mbuzi. Wazee walitaka mbuzi hao waonekane vizuri, basi kamera iliwazunguka mmoja mmoja, pembe hadi mkia. Hapo ndipo vigelegele vikaanza. Baba alijisogeza hadi ukingo wa kiti. Kamera ilibaki kwa mbuzi. Sauti ilitoka upande wa jikoni.

"Rudisha," alisema.

Nilirudisha.

"Peleka mbele."

Mgongo wa mwanamke ulipita na sufuria. Nikasimamisha picha.

"Ni yeye?"

"Ni shangazi, baba."

Tulitafuta hadi magari ya wakwe yalipotoka langoni, na mama hakuonekana. Nilimweleza kwamba mama alikuwa jikoni tangu alfajiri, kwamba mpiga video alitumwa na upande wa wakwe, kwamba alipiga alichoambiwa. Nilieleza vizuri, bila haraka, kama nilivyomweleza habari za taa. Alinisikiliza hadi mwisho.

Kisha akainuka, akachomoa flashi na kuniwekea mkononi.

"Nenda nayo," alisema. "Hiyo ni ya ntheo yako."