Kucha za Kijani Siku ya Kilo

Hata leo nikisikia mtu anasifu usafi, roho inanichafuka. Nimeosha mawe ya shaba mtoni miaka mingi, hapa Likasi, matope hadi magotini, na sijawahi kukutana na uchafu kama niliouona kwenye benchi la kituo cha afya, mahali palipodekiwa hadi pakang'aa.

Jirani yangu naye alikuwa mwosha mawe. Mume wake alishuka shimoni upande wa Shinkolobwe, hakurudi. Mtoto wake wa kwanza alimzika kwa surua. Kwa hiyo yule wa pili alipofikia umri wa kuchanjwa surua, jirani hakuwa na neno lingine mdomoni. Sindano, sindano, hadi tukamwambia apumzike.

Tulijipanga sisi wa mtoni. Mimi nilimwazima kitenge changu cha kanisani, mwingine akatoa viatu, mwingine akakubali kumwoshea fungu lake la mawe ili msimamizi asimfukuze. Asubuhi nilimkuta anamsugua mtoto kwa maji ya bomba aliyoyafuata mbali, maana yale ya mtoni yanaacha vumbi la shaba kwenye ngozi. Nilimsindikiza, kwa sababu peke yake angeishia njiani.

Siku ya kilo, yaani siku ya kupima watoto uzito na kuwachanja, akina mama huja wamependeza kama wanakwenda arusini. Jirani alikaa ameficha mikono ndani ya kitenge. Mambo yalikwenda vizuri hadi zamu yake ya kumtundika mtoto kwenye mizani. Hapo lazima utoe mikono. Kucha zikaonekana, rangi ile ya kijani ya shaba isiyotoka hata ukisugua kwa jiwe.

Muuguzi akaziba pua.

"Weye ni wa kule ku kusukula mawe, eh? Nilisema banamuke ba kule banawe kwanza, njo bakuye hapa. Utaambukiza batoto ba benzako!"

Mama aliyekaa karibu alivuta kitenge chake kisimguse. Mwingine alimhamishia mtoto wake goti la pili. Na mmoja, ambaye tunaimba naye kwaya moja, alicheka. Yule nilitamani kumtemea mate, nasema kweli. Jirani alimfunga mtoto mgongoni akatoka bila sindano, nami nikamfuata.

"Sitarudia pale," aliniambia njiani. "Hata bakuye kunichukua na motokari."

Habari ilifika mtoni kabla yetu. Wengine waliokuwa na watoto wachanga walitazama kucha zao, wakasema basi, na wao hawaendi.

Halafu surua ikaingia mtaani. Siku ya kilo iliyofuata, tukiwa ndani ya maji, tukamwona yule mwimbaji wa kwaya anashuka kwetu, kitenge amekipandisha, anarukaruka juu ya mawe asije akachafuka. Alikuwa anahema.

"Bamama, mutusaidie. Madame muuguzi anakatala kufungula chupa ya surua. Anasema batoto beko kidogo, dawa yote itaharibika. Mulete benu, tufike hesabu."

Chupa moja ya ile dawa ni ya watoto wengi, na ikishafunguliwa, inayobaki inamwagwa siku ileile. Bila watoto wetu wachafu, wale wasafi wasingechanjwa. Nilichota matope kiganjani, nikiwa na nia mbaya kabisa.

Lakini jirani alikuwa ameshatoka majini. Mtoto wake alikuwa amelala ukingoni ndani ya beseni kavu, chini ya mwavuli, ameogeshwa kwa maji ya bomba kama kila asubuhi.

"Si ulisema haurudie?" nikamuuliza.

"Siende juu yabo. Naenda juu ya huyu," akajibu, akimwonyesha mtoto.

Tukaenda vilevile tulivyokuwa, wenye watoto na wasio nao, matope yakidondoka kwenye sakafu yao. Jirani alilibeba lile beseni kichwani, mtoto ndani. Benchi zima likatupisha, tena kwa tabasamu. Tabasamu lile liliniudhi kuliko kicheko cha siku ile. Mama aliyevuta kitenge sasa alikuwa anatuuliza hali za nyumbani.

Chupa ikafunguliwa. Muuguzi alimshika mtoto wa jirani mkono kwa vidole viwili, akausugua kwa pamba yenye maji, kwa nguvu, mara mbili, kisha akaigeuza pamba ili sote tuone.

Ilikuwa nyeupe.

Aliitazama. Benchi nalo likaitazama, na yule wa kwaya akaangalia pembeni. Jirani akanyoosha mkono wake wenye kucha za kijani, akamshika mwanawe begani asijitikise.

"Choma sasa," akasema.