Fundi wa antena na mlingoti uliovuka mpaka

Saa tisa na nusu alasiri, Salesio Muchangi anatembea polepole kati ya migomba, ameinua mwanzi mrefu wenye antena nchani. Nyuma yake waya unaburuzika kwenye nyasi hadi dirishani mwa nyumba ya Mzee Runji. Anasimama.

"Imeshika?" anauliza kwa sauti.

"Bado!" sebule nzima inamjibu.

Anageuza mwanzi kidogo.

"Sasa?"

"Tunaona mtu! Ngoja… amepotea. Ni chenga tupu!"

Ibada imekwisha zamani, lakini hakuna aliyekwenda kwake. Mwezi uliopita, kwaya ya akina mama wa kanisa la hapa, juu kidogo ya Manyatta, Embu, ilikwenda Nairobi kurekodiwa. Leo, Jumapili hii ya Oktoba 1997, nyimbo zao mbili zitaonyeshwa saa kumi na moja. Televisheni pekee katika mteremko huu ni ya Runji, Great Wall ndogo ya nyeusi na nyeupe inayotumia betri ya gari. Nayo leo pia haionyeshi kitu.

Runji alijaribu mwenyewe tangu asubuhi. Alipanda kwenye paa akafunga vifuniko vya sufuria kwenye antena ya zamani, kimoja baada ya kingine.

"Vifuniko vyangu vyote viko juu ya mabati," analalamika mkewe, Wanjugu, huku akicheka. "Githeri inachemka kichwa wazi. Fundi, harakisha, ama mtakula moshi."

Salesio anatabasamu tu. Ana miaka thelathini na mitatu, na mikono yake haina haraka.

"Bonde letu limejificha," anaeleza. "Matangazo yanatoka ng'ambo ya ule mgongo wa kilima, yanatupita hapa juu kama ndege. Lakini kuna mahali yanashuka. Lazima utembee uyatafute. Kwa hii nyumba nimekuja mara mbili, na mara zote mbili nilishindwa."

Leo hataki kushindwa, kwa sababu kwenye kiti cha mbele kabisa, katika sare ya kwaya, ameketi mama yake, Cicily. Yeye ndiye anayeanzisha wimbo wa kwanza. Na ndiye asiyeipenda kazi hii hata kidogo.

"Wenzangu wana watoto walimu, wana watoto makarani," anasema Cicily mbele ya watu wote. "Mimi nina mtoto wa mapaa. Kahawa yangu inamea nyasi, yeye anazunguka na mianzi. Leo nataka kuiona hiyo kazi. Nisipojiona hapo kwa kioo, kesho arudi nyumbani ashike jembe. Si tumeelewana, Salesio?"

"Tumeelewana, mama," anajibu kutoka nje. Wanakwaya wanapiga vigelegele. Salesio hacheki.

Kazi hii hakufundishwa darasani. Alianza kwa kufungua redio zilizokufa katika kibanda kimoja mjini Embu, akiangalia kila kitu kilivyokaa kabla ya kukigusa. Sasa amepanga chumba katika mtaa wa Majimbo, na huzunguka kwa baiskeli, mwanzi umefungwa kwenye fremu, kutoka Manyatta hadi Mitunguu. Nyumba moja humlipa shilingi mia tatu. Wengine humpa mkungu wa ndizi. Mwezi mzuri humpatia elfu tatu, mwezi wa mvua haumpatii kitu.

"Huko Mitunguu nilianguka kutoka paa nikavunjika mkono," anakumbuka. "Tukiwa njiani kwenda hospitali, mke wa mwenye nyumba alitukimbilia akipiga kelele. Nikafikiri kuna mtu amekufa. Kumbe anasema picha imekuja!"

Saa kumi na robo. Migomba imekwisha. Salesio amefika kwenye mstari wa miti ya migrivilia, mpaka wa shamba la Runji. Anapitisha mwanzi kati ya miti miwili na kuuinamisha mbele.

Ndani kunalipuka.

"Imekuja! Hapo hapo! Fundi, usipumue!"

Anarudisha mwanzi upande wa Runji. "Imeenda!" Anauvusha tena. "Imekuja!" Sauti ya mtangazaji inasikika hadi kwenye migomba.

Kisha kila mtu anachungulia dirishani na kuelewa. Picha inashuka katika shamba la Kathuri, jirani wa Runji.

Runji na Kathuri hawajasalimiana tangu mwaka 1995. Runji anasema miti aliipanda mahali baba yake alipomwonyesha. Kathuri anasema miti ilivuka mpaka, na kivuli chake kinaua kahawa yake. Kila mmoja ukimsikiliza, maneno yake yanaingia akilini. Huku, kusimika mti katika udongo wa mwenzako ni kusema udongo huo ni wako. Kesi nyingi zimeanzia kwenye shimo moja dogo.

Kathuri yuko papo hapo, katikati ya kahawa yake, amevaa koti la kanisani. Mkewe, Alice, ni mwanakwaya, naye yuko ndani kwa Runji.

"Baba Mbaka," Salesio anamwita kwa heshima, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "naomba nisimike mlingoti hapa. Kwa leo tu."

"Mwambie mwenye televisheni hakuna shimo litachimbwa hapa."

Runji amesimama hatua chache tu upande wa pili. "Fundi, mwambie huyo sijaomba shimo."

"Mwambie nimesikia!"

Salesio anawatazama wote wawili. Anaweka mwanzi begani, anafikiri, kisha anasema taratibu, "Mti ukishikwa na mkono, umepandwa?"

Kathuri anatazama nyumba ambamo mkewe anangoja. "Haujapandwa," anakubali mwishowe. "Lete. Lakini nitashika mimi. Hapa ni kwangu."

Salesio anaunganisha waya mwingine na kuurefusha, kisha anampa Kathuri mlingoti na kukimbia kwenda kuangalia kioo. Sasa hakuna wa kupeleka habari katikati ila Runji, aliyerudi dirishani.

"Inua kidogo!" Runji anaita.

"Hivi?"

"Upande wa mlima! Umezidisha! Rudisha, Baba Mbaka, rudisha!"

"Imeshika?"

"Imeshika! Simama hivyo hivyo!"

Hakuna anayewakumbusha kwamba wameanza kuongea.

Saa kumi na moja, kwaya inatokea. Akina mama wanaruka, wanaonyeshana kwa vidole. "Ni wewe! Tazama shingo yako!" Cicily peke yake hasogei. Anajitazama akifungua kinywa, anasikia sauti yake ikitoka Nairobi na kurudi Embu, na machozi yanamtoka.

Wimbo wa kwanza unapokwisha, Runji anatoka mbio, anavuka mstari wa miti na kuushika mwanzi.

"Nenda," anamwambia Kathuri. "Huu wa pili, Alice yuko mbele. Kimbia!"

Kathuri anakimbia, koti likipepea. Runji anabaki amesimama katika kahawa ya jirani yake, mikono juu, hathubutu hata kupiga chafya.

Baadaye, githeri ikiliwa, Cicily anamwita mwanawe.

"Kwa hivyo hiyo ndiyo kazi yako."

"Ndiyo hiyo, mama."

"Kahawa nitaitafutia mtu wa kulima," anasema, na kumwongezea chakula kwenye sahani.

Salesio ana mpango ambao hajawahi kuusema mbele ya mama yake; sasa anausema, wote wakisikia. Anataka kusimika mlingoti mmoja mrefu wa chuma mahali picha inaposhuka, na kutoa waya hadi kila nyumba ya mteremko huu itakayonunua televisheni. Anaamini ataumaliza kabla ya Kombe la Dunia mwakani. Anachokosa ni ruhusa ya mwenye shamba.

"Njoo Jumanne," anasema Kathuri, akijifuta mdomo. "Lakini usije na jembe. Hilo shimo nitachimba mimi."