Fundi wa Mtanda na Ukurasa Uliokataa Kurudi

Jumanne nilipigiwa simu kutoka Lindi, nikaambiwa yule fundi wetu wa mtaa wa Mtanda amefariki na wamekwisha kumzika alasiri ileile. Sikuwahi. Tangu hapo safu hii naiandika na kuifuta, maana mmezoea kunisoma nikiwasema wengine, na habari za mtu huyu sitaweza kuzisimulia bila kujisema mwenyewe.

Alikuwa fundi wa taipureta katika ofisi moja ya umma. Lilipokuja wimbi la kupunguza wafanyakazi alirudi nyumbani na bisibisi zake, na muda si mrefu taipureta zenyewe zikaanza kutupwa. Akajifunza kompyuta kwa kufungua mashine mbovu, akakusanya disketi zenye vijiprogramu ambavyo watungaji wake wa nchi za mbali walivigawa bure: kimoja cha kuua virusi, kingine cha kubana faili kubwa liingie kwenye disketi moja, kingine cha kurudisha kilichofutwa. Zama zile kila kitu kilikuwa kimeanza kuuzwa, hata maji ya kunywa, kwa hiyo watu walimshuku. "Cha bure kina nini ndani?" walimwuliza. "Kina kazi ya mtu," alijibu. "Kaa nikufundishe."

Mimi nilikuwa na kibanda cha kuchapa barua kwa kompyuta. Siku moja alikuja mgonjwa kutoka kijiji cha Mitole, ameshikwa mkono na mkewe, akanitajia maneno ya kuandika katika barua kwa ndugu zake: mikorosho ipi ilikuwa ya ukoo, na ipi aliipanda na mkewe, ambayo yeye akifa mkewe asinyang'anywe. Nilipomaliza kuiandika na kuihifadhi kwenye mashine, umeme ukakatika kabla sijaichapa kwenye karatasi. Hawakurudi. Baada ya miezi kadhaa mke alikuja peke yake, ametoka eda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata ile barua ya marehemu."

Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimefuta barua za zamani ili nipate nafasi. Niliitafuta kwenye mashine, haikuwamo. "Mashine imeharibika, mama," nikasema. "Njoo kesho."

Alipoondoka tu nilikimbilia kwa fundi. Akaniuliza kama nimeandika chochote tangu nifute. Nikasema sijagusa. "Usiguse, maandishi mapya yatafunika yaliyofutwa," akasema, akaja na disketi yake. Kurasa mbili zilirudi nzima. Ya tatu, iliyotaja mikorosho ya ng'ambo ya kijito, ilitoka na alama zisizosomeka. Nikamwambia naikumbuka, nitaijaza.

"Ukijaza, hiyo itakuwa barua yako, si ya marehemu."

"Mama atapoteza mikorosho!"

"Basi twende Mitole ukaseme kwa mdomo wako ulichofuta na unachokumbuka."

Kesho yake nilimweleza mama ukweli, mimi na fundi tukaongozana naye hadi Mitole. Ndugu wa marehemu walizisikiliza kurasa mbili wakakubali. Nilipoeleza ya tatu, mdogo wa marehemu alimgeukia mama. "Shemeji, ulipoifuata barua jana huyu alikwambia nini?" Mama hakuwa mtu wa kuficha. "Aliniambia mashine imeharibika." Yule bwana akanitazama. "Jana ulimdanganya yeye. Leo tukuamini sisi kwa nini?" Mikorosho ya karibu na nyumba ikabaki kwa mama. Ya ng'ambo wakaichukua.

Njiani nilimlaumu fundi, kwamba angeniacha nijaze, mama asingepoteza kitu. "Huenda," alisema. Neno hilo limenisumbua miaka yote. Kuna siku namwona alikuwa mgumu mno kwa mjane, na kuna siku naona kwamba mtu aliyegawa kazi za wenzake bila kubadili hata herufi asingeweza kuniruhusu nimtungie maiti maneno. Zama zile mji ulijaa watu kama mimi, wenye haraka ya kufungua vibanda na kushika mashine tusizozijua, na aibu ya kukiri tulipoharibu.

Kuifuta barua ile kulikuwa ajali, na mtu wa haki angenisamehe. Mikorosho ya ng'ambo ya kijito ilipotea kwa sababu mama alisimama mbele yangu akiidai barua, nami nikamdanganya na kumwambia aje kesho. Siku hizi nikiharibu kitu cha mtu, namwendea yeye kwanza kumwambia ukweli, ndipo namtafuta fundi.